Nilikuwa Nahodha, Lakini Kofia ya Mume Wangu Ndiyo Iliyocheza

Nina umri wa miaka arobaini na mbili, mama wa watoto wawili, na ninaishi Mbagala nyumbani kwa mama mkwe wangu. Najua mkisikia "nyumbani kwa mama mkwe" wengine mmeshaanza kunionea huruma... Subirini kwanza! Mama mkwe siye aliyeniliza.

Kilichoniliza ni karata. Ndiyo, karata, chekeni tu. Wala si kamari, sijawahi kuweka hata shilingi mezani. Nilikuwa nahodha wa timu ya briji, na mchezo huo umeniachia ndoa ambayo siwezi kuiita ndoa, wala siwezi kusema nimeachika.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana kila nikisimulia kwa haraka watu wananiuliza, "Sasa hapo wewe kosa lako liko wapi?" Wengine wananiuliza kinyume chake, "Hivi kweli ulikuwa hujui?" Hayo maswali mawili ndiyo ninayolala nayo.

Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Temeke. Mwenye duka ni Mzee Murtaza, Mhindi, Mshia, mzaliwa wa hapahapa, mtu anayeongea Kiswahili cha pwani kutushinda sisi wenyewe. Siku za mvua, wateja wakikauka, alikuwa anafuta vumbi la saruji kwenye kaunta, anagawa karata na kunifundisha. Nilikuwa mwepesi wa kukumbuka kilichokwisha kutupwa, naye akafurahi kupata mtu wa kubishana naye.

Briji inachezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Mwenzako anakaa mbele yako, mnatazamana, lakini huruhusiwi kumwambia una karata gani. Mnachoruhusiwa ni maneno machache tu ya kupandisha dau kabla ya kucheza, yaani kuahidi mizunguko mtakayoshinda, si pesa, na maneno hayo wapinzani nao wanayasikia. Basi. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa kwa maana, hakuna kuguna.

"Ukipata habari usiyostahili kuipata, Mwajuma, usiitumie," Mzee Murtaza alikuwa akinirudia kila mara. "Hata kama imekujia bila kuitafuta."

Niliitikia, "Sawa, mzee." Jambo jepesi, nikadhani.

Mzee aliunda timu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, akawa hawezi tena kushika karata mashindanoni, kwa hiyo akaiweka timu mikononi mwangu. Wachezaji tulikuwa wanne: binti yake Farzana, aliyecheza na Kessy, fundi umeme kutoka Moshi, mpole huyo hujapata kuona. Na mimi, niliyecheza na mume wangu Idrisa.

Idrisa ni dalali wa nyumba. Mtu wa maneno matamu, wa kofia ya kiua iliyofuliwa na kupigwa pasi kila siku. Mimi ndiye niliyemfundisha briji, na akaipenda kuliko nilivyoipenda mimi.

Tulishinda, jamani! Tulishinda mpaka watu wakaanza kutuogopa. Mama mkwe, ambaye mwanzo alikuwa anaziita karata mambo ya wahuni, alipoona tumerudi na kikombe akakiweka sebuleni juu ya runinga, akawa anakifuta mwenyewe kwa khanga yake. Watu waliniuliza tunafanyaje, na mimi kwa majivuno nikawa najibu, "Mimi na mume wangu tunaelewana tu." Nikikumbuka hilo jibu natamani ardhi ipasuke!

Sasa hapa niwarudishe nyuma kidogo, mpaka nilipoolewa.

Kwa mama mkwe wangu, mke na mume hawaongei ovyo mbele ya wazazi. Mnakula kimya. Mkwe hapigi soga na mumewe wakati mama yupo, huo ni utovu wa adabu. Mimi nilikuwa bi harusi mgeni, nina aibu zangu, siwezi hata kumuuliza mume wangu kama nikubali kuongezewa ubwabwa. Basi Idrisa akaanza kunisaidia kwa ishara. Akisukuma kofia nyuma, maana yake kubali, endelea. Akishika sikio, maana yake kataa, nyamaza. Akilaza kijiko kifudifudi kwenye sahani, maana yake nimechoka hapa, tutoke tukakae barazani sisi wawili.

Mama mkwe akisema, "Mwajuma, Jumamosi utanisindikiza msibani Kunduchi?" mimi namtazama Idrisa kwa pembe ya jicho. Kofia nyuma. "Ndiyo, mama." Hakuna aliyejua! Tukifika chumbani tulikuwa tunacheka mpaka tunaziba midomo kwa mto.

Wasomaji wenzangu, nimepewa dhahabu na nguo katika ndoa hii, lakini sijawahi kupewa kitu kitamu kama zile ishara. Nyumba imejaa mawifi na mashemeji, huna pako, lakini mna lugha yenu wawili tu. Miaka ikapita, tukazoea, hata nikawa sizioni tena. Mwili ulikuwa unajibu wenyewe.

Mmeshaanza kuelewa?

Siku moja tulicheza na timu ya Kigamboni. Nahodha wao ni Bi Salha, mwanamke wa makamo, mstaafu, asiyepaza sauti. Baada ya mchezo akanivuta pembeni, akaniambia, "Mwanangu, mumeo ana mikono mingi mezani. Wewe ni nahodha, mwangalie."

Niliwaka! Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilifika mpaka kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako timu zote za mji zimo, nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba mume wangu ni msafi na anayetuchafua aje na ushahidi. Farzana akaniunga mkono. Kessy akaniunga mkono. Mzee Murtaza, ambaye haandikagi kitu kwenye hilo kundi, aliandika neno moja tu: "Namwamini Mwajuma." Hakusema anamwamini Idrisa. Alisema anamwamini Mwajuma.

Haikupita muda, tukawa na mchezo wa kirafiki. Kofia ya Idrisa ilikuwa imerowa kwenye beseni, akaja kichwa wazi. Na mimi siku hiyo... nilicheza kama mtu aliyefungwa macho! Dau nililopaswa kupandisha niliacha, nililopaswa kuacha nikapandisha. Kessy akanitania, "Dada Mwajuma, leo umekuja na kichwa cha jirani?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Lakini kuna kitu nilikiona, nikanyamaza nacho. Kila zamu yangu ilipofika, kabla sijafungua mdomo, macho yangu yalikuwa yanapanda juu ya kichwa cha mume wangu. Yanatafuta kitu. Hakipo.

Kesho yake tukiwa tunakula mchana, shemeji yangu akaniomba nimwazime mashine yangu ya kushonea. Kinywa changu kikasema, "Hapana, shemeji, inasumbua." Mashine ni nzima! Nikajiuliza, kwa nini nimekataa? Nikageuka. Idrisa alikuwa ameshika sikio.

Nikalirudisha tonge kwenye sahani.

Nikaiona meza ya briji mbele yangu. Kofia nyuma, mimi napandisha. Sikio, mimi naacha. Mchezo baada ya mchezo, kikombe baada ya kikombe! Nilichokuwa nakiita kipaji changu ilikuwa ni utiifu wa mke mbele ya sahani ya wali.

Tulipobaki chumbani nilimuuliza. Nilitegemea akane, au ashangae kama mimi. Idrisa alicheka, wasomaji. Alicheka!

"Mama Nasri, usinichekeshe," akaniambia. "Kwani we ulidhani kofia inajisogeza yenyewe? Mie nilijua unajua."

"Sikujua!"

"Basi hukujua. Mie sijakwambia neno hata moja pale mezani. Kusoma umesoma mwenyewe. Nenda kaseme, tuone nani ataamini kuwa mke hajui ishara za mumewe. Ukinisema mie umejisema wewe."

Nilikaa kitandani. Kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nani angeniamini? Wewe unayesoma, ungeniamini?

Nilimlilia aache. Akaahidi. Mchezo uliofuata aliivua kofia akaiweka mapajani, nikashukuru Mungu. Zamu yangu ilipofika, akashika sikio. Nilipomfokea baadaye alisema lilikuwa linamuwasha. Na je, kama kweli lilikuwa linamuwasha? Hapo ndipo nilipoona nimenaswa. Kitu ukishakijua huwezi tena kutokukijua. Nilijaribu kutazama meza tu, lakini mtu uliyeishi naye unamwona hata bila kumtazama.

Nikaja na hila ya kinahodha. Nikasema tubadilishane: mimi nicheze na Farzana, Idrisa acheze na Kessy. Nilidhani nimepata mlango.

Farzana akanishangaa. "Dada Mwajuma, nyie ndio mnashinda! Sasa tunavuruga ili iweje? Baba anataka kwenda Nairobi kabla hajafa, unataka tuanze kuzoeana upya leo?"

Timu itakayochukua ubingwa wa mji ilikuwa inakwenda kucheza Nairobi. Mzee Murtaza alikuwa akiota hiyo safari tangu ujana wake. Alikuwa amekwishanunua koti la baridi ya huko.

Idrisa, mbele ya wote, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza. "Muwieni radhi, mke wangu kanichoka." Wakacheka wote. Na mimi, nahodha, nilikuwa na sababu moja tu ya kutaka mabadiliko, na hiyo sababu sikuweza kuitamka. Nikasema, "Haya, basi tuache." Kumwondoa Idrisa nisingeweza, maana tulikuwa wanne kamili, na timu ya watatu haichezi. Kujiuzulu ni vivyo hivyo. Kila mlango niliougusa nyuma yake alikuwa amesimama Mzee Murtaza na koti lake.

Mara ngapi nilisimama pale kaunta, mzee yuko hatua mbili kutoka kwangu anapima misumari, nikasema, "Mzee..." Akiinua uso, "Naam, mwanangu?" namwambia rangi nyeupe imekwisha, tuagize. Duka zima likajaa rangi nyeupe! Yeye mwenyewe alianza kunitazama kwa mashaka.

Fainali ilifanyika kwenye ukumbi mmoja Kinondoni, mchana kweupe, mafeni yanazunguka, watu wamejipanga kwenye viti. Wapinzani wetu walikuwa nani? Timu ya Kigamboni. Mkono wangu wa kulia alikaa Bi Salha, ametulia, hata hakunitazama vibaya. Farzana na Kessy walikuwa meza ya pili. Mzee Murtaza alikaa mstari wa mbele na lile koti, joto lote lile.

Tulikwenda sare mpaka karata za mwisho zikagawiwa.

Nikafungua karata zangu. Shupaza zilinijaa mkononi, na ree, karata kubwa kuliko zote, juu yake! Nikapiga hesabu zangu mwenyewe, kwa akili yangu mwenyewe, na naapa nilikuwa nimeshaamua: napandisha. Hapo ndipo Idrisa alipoinua mkono taratibu na kuisukuma kofia nyuma.

Jamani... Mnauona mtego huo?

Nikipandisha, ni wizi, hata kama ningepandisha bila yeye. Mwenyewe nitajuaje? Nikiacha, nimemuuza Farzana, nimemuuza Kessy, nimemuuza mzee kwa makusudi, na hawajanikosea kitu. Nilizitazama zile shupaza mpaka zikaanza kucheza machoni. Mwamuzi akanikumbusha kuwa wenzangu wananisubiri.

Nikaweka karata zangu zote mezani, wazi, kila mtu azione.

"Mume wangu ameniashiria," nikasema. "Siwezi kucheza. Na si leo tu."

Sauti haikuwa yangu. Idrisa aliruka, "Mama Nasri, una wazimu?" Meza ya pili wakasimama. Farzana alinitazama, akamtazama baba yake, akatoka nje bila hata mkoba wake. Kessy alibaki ameshika karata, anauliza, "Kuna nini? Mbona sielewi?" Hicho ndicho kilichonichoma, yule kijana wa watu alikuwa haelewi.

Bi Salha hakushangilia. Alizikusanya karata polepole akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa mwanangu, siku zote hizo ulikuwa unasubiri nini?"

Tulifutwa. Fainali, vikombe vya nyuma, majina yetu, vyote. Mimi na Idrisa tulifungiwa. Farzana na Kessy hawakufungiwa, lakini nani atacheza nao? Watu wanawanyooshea vidole kana kwamba nao walikuwa na kofia. Kwenye kundi la WhatsApp mtu akakiweka upya kile kiapo changu, bila kuongeza neno. Hakukuwa na haja.

Niliporudi dukani nilidhani nitakuta nimefukuzwa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Akaendelea na kazi. Nikafanya kazi mpaka adhuhuri ananijibu kwa heshima zote, na heshima ile ilikuwa inanichapa. Mwisho nikashindwa, nikalia palepale kwenye mifuko ya saruji. Nikamwambia sikujua, mwanzoni kabisa sikujua, wallahi.

Akavua miwani. "Nakuamini," akasema. "Tangu mwanzo nakuamini. Lakini mimi kukuamini hakumsaidii Farzana. Ulipojua, Mwajuma, kwa nini hukutuambia sisi kwanza? Tungejitoa wenyewe, kimya kimya, vichwa juu. Nahodha gani watu wake wanapata habari pamoja na wapinzani?"

Nilijiona shujaa pale ukumbini, nimesema kweli mbele za watu! Kumbe ile kweli niliichelewesha mpaka ikawaangukia wasiohusika. Nilikuwa namwogopa mzee asiumie, nikamuumiza kwenye kiti cha mbele, na koti lake mwilini.

Nyumbani ndiyo usiseme. Mama mkwe alinambia, "Umemvua mwanangu nguo mbele ya umma. Mke gani wewe?" Kikombe akakitoa juu ya runinga, sijui amekipeleka wapi. Mawifi hawanisemeshi, wananipitia kama nguzo.

Na Idrisa? Nilimwomba aniache, kama ananichukia kiasi hicho. Akaninyooshea kidole: "Sikuachi ng'o. Nikikuacha watu watasema ulosema ni kweli." Kwa watu wa nje ananicheka, anasema nilipatwa na presha siku ile, karata zilinizidi. Kwa hiyo nipo. Napika, nafua, naipiga pasi ile kofia kwa mikono yangu. Kwa kaka yangu nilijaribu kwenda, akaniuliza, "Amekupiga? Amekunyima chakula?" Nikasema hapana. "Sasa unaondokea nini, kofia?" Akanirudisha mwenyewe.

Hakuna mtu wa kumweleza kwamba nimeibiwa. Aliichukua ile lugha yetu, kitu pekee katika nyumba hii kilichokuwa cha kwetu wawili, akaipeleka mezani kuibia watu. Sasa akijikuna tu naruka. Akisogeza kofia kwa sababu ya jasho moyo unanidunda. Nimebaki kipofu na kiziwi kwa mtu ninayelala naye.

Ndugu zangu wasomaji, hasa nyie mliopewa watu wa kuwaongoza, iwe timu, iwe kikoba, iwe kwaya. Ukigundua kuna kitu kinanuka, waambie watu wako siku hiyohiyo! Usijifanye unawahurumia. Usisubiri ukumbi ujae. Na nyie wanawake wenzangu, mnaojivunia kama mimi nilivyojivunia kwamba "tunaelewana tu bila kuongea"... ongeeni! Ulizeni! Msiitikie tu kwa sababu mmezoea kuitikia.

Juzi tulikuwa tunakula, nyumba nzima, kimya kama kawaida. Idrisa akamaliza, akachukua kijiko chake, akakilaza kifudifudi kwenye sahani.

Nilikitazama kile kijiko. Alikuwa hajafanya hivyo tangu siku ya fainali. Anataka tutoke barazani? Anataka kuniomba radhi? Au anataka tu kuona kama bado nitanyanyuka akiniashiria? Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kujikusanya, jamani, imeshaanza kusimama bila mimi!

Nikaizuia. Nikasema kwa sauti, mbele ya mama yake na ndugu zake wote, kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu niolewe katika nyumba ile: "Baba Nasri, kama una neno na mimi, liseme."

Vijiko vyote vikasimama. Mama mkwe akanikodolea macho. Idrisa akakigeuza kijiko chake, akaomba aongezewe mchuzi, na mimi nikamwongezea. Bado nasubiri aseme.